Swali la "Unatapika?" Halitoshi

Katika vyumba vingi vya kuonea wagonjwa, mtu anayeeleza kwamba chakula hakipiti huulizwa swali moja: "Unatapika?" Akijibu kwamba hatapiki, kalamu husogea kwenye dalili inayofuata. Kutapika kunaonekana, kunahesabika, na mwenye shaka anaweza kuonyeshwa beseni. Kichefuchefu hakina ushahidi isipokuwa neno la mwenye nacho. Kwa sababu hiyo kimeshushwa hadi daraja la malalamiko madogo, yale ambayo mgonjwa huyataja akiwa ameshashika kitasa cha mlango na mtoa huduma huyajibu kwa neno "vumilia". Daraja hilo si lake. Gharama ya kukiweka hapo hulipwa na wagonjwa wa aina mbili: yule anayeacha dawa nzuri kimya kimya kwa kuwa hakuna aliyemwandaa, na yule ambaye dawa inamdhuru kweli lakini ameagizwa avumilie.

Sehemu ya tatizo imo katika lugha. Neno kichefuchefu limeenea vitabuni na katika vipeperushi vya afya, lakini si kila mgonjwa hulitumia. Pwani wapo wanaosema kigegezi. Wengi, hasa wazee, husema moyo unachafuka, au roho inachafuka. Wengine husema tumbo limechafuka, kauli inayoweza kubeba kuhara, gesi na maumivu kwa pamoja. Mwenye kiungulia na mwenye kichefuchefu wote huweka mkono mahali pamoja, kwenye chembe cha moyo. Inashangaza kidogo kwamba Wagiriki wa kale, waliowapa madaktari wa Ulaya jina la hali hii, walilichota kutoka katika neno lao la chombo cha baharini, ilhali Waswahili, ambao wamesafiri na pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi, walikiweka kichefuchefu moyoni. Mtoa huduma kijana aliyefundishwa kwa istilahi za darasani anaweza kusikia "moyo" akaagiza kipimo cha shinikizo la damu, akaridhika na tarakimu, na kumrudisha mgonjwa nyumbani na tatizo lilelile.

Hata hivyo, upo wakati ambapo neno hilo la wazee husema kweli kuliko anayelisema anavyojua. Mshtuko wa moyo hauji daima na maumivu makali ya kifua. Kwa mtu mwenye kisukari, kwa mwanamke, na kwa mzee, unaweza kuja kama kichefuchefu, jasho jembamba la baridi na uzito kwenye chembe cha moyo. Mgonjwa wa namna hiyo akipewa dawa ya kutuliza asidi ya tumbo na kuambiwa apumzike, saa za kumwokoa zinapita. Kichefuchefu cha ghafla chenye jasho, kwa mtu wa makamo ambaye hakula kitu kibaya, ni cha moyo mpaka ithibitike vinginevyo.

Mwili hauzalishi hisia hii kwa upuuzi. Chini ya ubongo, kwenye sakafu ya chemba yake ya nne, kuna eneo dogo ambalo halikulindwa na ule uzio unaotenga ubongo na kemikali zilizomo katika damu. Herbert Borison na Shih-Chun Wang, watafiti waliofanya kazi Marekani, ndio waliolieleza vizuri katika miaka ya 1950. Eneo hilo huonja damu. Likikuta kitu linachokihesabu kuwa sumu, hutoa amri: chakula kikatishwe, na kilichokwisha kuliwa kirudishwe. Taarifa nyingine hutoka tumboni. Chembe za utumbo zilizochokozwa humwaga serotonini, nayo huamsha neva ya vagasi inayopanda hadi kwenye ubongo. Sikio la ndani nalo lina njia yake, kama ajuavyo kila aliyewahi kuvuka mkondo wa Zanzibar siku ya mawimbi. Ipo pia njia ya kumbukumbu na harufu, ambayo ndiyo humfanya mgonjwa wa saratani ahisi kutaka kutapika akiliona lango la hospitali, kabla hata ya kuchomwa dawa.

Utaratibu huo wote ulijengeka kumlinda binadamu dhidi ya mizizi michungu na nyama iliyooza. Haukujengwa kutofautisha sumu na tiba. Kidonge kwa hakika ni kemikali ngeni iliyoingia mwilini kwa wingi na kwa ghafla, na ubongo hufanya kazi yake ya kuikataa. Ndiyo maana karatasi za maelezo ndani ya paketi za dawa, kuanzia viuavijasumu hadi vidonge vya uzazi wa mpango, hutaja kichefuchefu karibu kila mara. Na kwa kuwa hutajwa kila mahali, hakuna anayekisoma tena.

Kinachoweza kutokea pale ambapo hakielezwi kilionekana mkoani Morogoro mwaka 2008. Watoto wa shule za msingi walikuwa wakigawiwa prazikwanteli ya kutibu kichocho pamoja na albendazoli ya minyoo. Prazikwanteli ni dawa iliyotumika kwa miongo mingi na usalama wake unajulikana. Shuleni dozi yake hukadiriwa kwa ufito wenye alama za urefu, mtoto akisimamishwa kando yake. Lakini ni chungu, vidonge vyake ni vikubwa, na huleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu, hasa kwa mtoto mwenye kichocho kingi mwilini na kwa yule aliyetoka nyumbani bila kula. Habari zikaenea kwamba watoto wanakufa mjini Morogoro. Hazikuwa za kweli. Wazazi walikimbilia shuleni kuwazuia watoto wao wasimeze, au kuwatoa waliokwisha kumeza. Ghasia zikazuka, na ugawaji ukasitishwa.

Si haki kuubebesha uzito wote wa tukio hilo kichefuchefu peke yake. Ulikuwapo uvumi wa dawa za kufunga uzazi, kulikuwa na maelezo machache mno kwa wazazi, na mashaka juu ya dawa zinazotolewa bure na watu wa mbali yalikuwa ya miaka mingi. Lakini mzazi aliyesimama mlangoni mwa darasa siku ile hakuwa anabishana kuhusu sera. Alikuwa anamwona mtoto wake ameshika tumbo, amepauka, anatema mate. Kwa macho hayo, na bila neno lolote la kumtayarisha, ni nani angesema kwamba huo si mwanzo wa sumu? Laiti barua fupi ingemfikia siku mbili kabla, ikisema kwamba mtoto ale kwanza, kwamba baadhi yao watasikia kichefuchefu kwa saa chache, na kwamba mwenye minyoo mingi huenda akasumbuka zaidi kwa sababu minyoo inakufa, mzazi huyo angekuwa na kitu cha kulinganisha na uvumi. Mtoto aliyelishwa uji kabla ya dawa hupata nafuu mara mbili: tumbo lake halichafuki sana, na dawa yenyewe huingia mwilini vizuri zaidi.

Kwa mtu mzima hakuna ghasia. Mtu mzima huacha dawa peke yake, chumbani, na kadi ya kliniki huendelea kuandikwa kana kwamba anazimeza.

Mfano unaopaswa kuwakosesha usingizi watoa huduma ni wa kifua kikuu. Katika tiba ya kawaida mgonjwa humeza kwa miezi 2 ya mwanzo dawa 4 zilizounganishwa katika kidonge kimoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha kwa miezi 4 humeza dawa 2, rifampisini na isoniazidi. Kati ya hizo nne, tatu za kwanza zinaweza kuumiza ini. Kichefuchefu katika majuma ya mwanzo ni cha kawaida, na mara nyingi chanzo chake ni tumbo tu: vidonge ni vingi, mgonjwa amekonda, anameza alfajiri akiwa na njaa. Huyu husaidiwa kwa kula chakula kidogo pamoja na dawa au kumeza muda mfupi kabla ya kulala, na kwa kuambiwa wazi kwamba hali hiyo huelekea kupungua.

Kichefuchefu cha pili hufanana sana na cha kwanza, lakini si ndugu yake. Huja pengine wiki ya tano au ya saba, wakati hamu ya kula ilikuwa imeanza kurudi na suruali imeanza kubana. Hamu hupotea tena. Mwili hulegea kuliko ugonjwa wenyewe ulivyoulegeza, maumivu hujitokeza chini ya mbavu za kulia, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Macho kuwa ya manjano huja mwisho, na mtoa huduma anayeyasubiri macho amechelewa. Ini linalouguzwa na dawa husema kwanza kwa kichefuchefu. Mgonjwa wa namna hii hapaswi kumeza dozi inayofuata kabla ya kuonwa, na siku ya kuonwa ni siku hiyohiyo.

Ubaya wa "vumilia" unaonekana hapa. Mgonjwa aliyeambiwa neno hilo wiki ya pili, lilipokuwa na maana, hulitii wiki ya saba, lilipokuwa hatari. Hakupewa kipimo cha kutofautisha. Mwenzake, asiye na subira, huacha vidonge mwezi wa pili kwa sababu ya kichefuchefu cha tumbo tu, kisicho na madhara. Anajisikia nafuu, anarudi kazini, na baada ya miezi kadhaa anarudi kliniki akikohoa, pengine akiwa na vimelea vilivyojifunza kuzikataa dawa, pengine akiwa ameshawaambukiza watoto wa nyumba yake. Mmoja alitii mno, mwingine hakutii kabisa, na wote wawili walinyimwa sentensi mbili zilezile.

Metiformini ni kisa chepesi zaidi, ila kina fundo lake. Dawa hii ya kisukari, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1957 kwa juhudi za daktari Jean Sterne, huchafua tumbo la wengi wanaoianza kwa dozi kubwa. Ikianzwa kwa miligramu 500 pamoja na chakula na kupandishwa taratibu, wengi huizoea. Fundo liko kwa mgonjwa mwenye kisukari anayeishi pia na VVU. Dolutegravir, iliyomo katika kidonge kimoja cha siku ambacho wengi wanaotumia ARV Afrika Mashariki sasa wanakimeza, huzuia njia ambayo figo hutolea metiformini, na kiwango chake katika damu hupanda sana. Kwa sababu hiyo inashauriwa metiformini isizidi miligramu 1000 kwa siku kwa anayetumia dawa hizo mbili. Mgonjwa aliyekuwa salama na metiformini kwa miaka 6, kisha akaanza kuchafukwa na moyo mwezi mmoja baada ya kubadilishiwa ARV, ameleta taarifa ya thamani. Lakini kliniki ya kisukari iko jengo hili na ya VVU iko jengo lile, na kila upande humwambia kwamba dawa zake ni nzuri.

Kwa mjamzito hali hugeuzwa juu chini: kichefuchefu chake kinakubaliwa na kila mtu, kiasi kwamba hakichunguzwi tena. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, navyo vinaongeza kichefuchefu, naye anavificha kabatini. Hudhurio lijalo anasema amemaliza. Kumshauri avimeze usiku baada ya chakula huchukua nusu dakika. Na anayetapika mpaka mkojo umekuwa haba na uzito unashuka si mjamzito "wa kawaida" hata kidogo; anahitaji maji ya mshipa na kulazwa. Vivyo hivyo kichefuchefu kinachoanza katika miezi ya mwisho ya mimba, pamoja na maumivu ya kichwa au ya juu ya tumbo, kinadai kupimwa shinikizo la damu na mkojo kabla ya neno lolote la kumtuliza.

Upande wa pili wa uzembe ni haraka ya kukizima. Mgonjwa akisisitiza, huchomwa sindano ya kuzuia kutapika, na mara nyingi ni metoklopramidi. Dawa hiyo ina mahali pake. Ina pia tabia ambayo familia nyingi hukutana nayo bila onyo: kwa baadhi ya watu, hasa watoto na wasichana, saa chache baadaye shingo hupinda upande mmoja, taya hukaza, ulimi hutoka, macho hugeuka juu na kubaki huko. Nyumbani huitwa mashetani, au hudhaniwa pepopunda, na mtoto hupelekwa kwa mganga badala ya kurudishwa hospitalini, ambako hali hiyo huondolewa kwa sindano rahisi ndani ya muda mfupi. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri metoklopramidi isitumike zaidi ya siku 5, isizidi miligramu 30 kwa siku kwa mtu mzima, na isipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka 1. Prometazini, nayo ikiuzwa kama maji katika baadhi ya maduka, haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kukandamiza upumuaji wake. Mtoto anayeharisha na kutapika anahitaji maji yenye chumvichumvi za ORS, kijiko baada ya kijiko, pamoja na madini ya zinki. Akitapika, mama husubiri dakika 10 na kuanza tena polepole. Tangawizi kwa mtu mzima haina ubaya, na kwa wajawazito ina ushahidi wa kusaidia kiasi.

Ipo idara moja ya tiba iliyokichukulia kichefuchefu kwa uzito unaostahili, nayo ni ya saratani. Ilifanya hivyo kwa kulazimika: bila kinga, sisiplatini huwatapisha karibu wagonjwa wote, na wapo waliokuwa radhi kufa kuliko kurudi kwa dozi ya tatu. Ondansetroni ilipoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali ilibadilika sana. Sasa dawa ya kuzuia hutolewa kabla ya tiba, mgonjwa hueleza alivyojisikia mara iliyopita, na mpango hurekebishwa. Lakini hata huko kutapika kumedhibitiwa vizuri kuliko kichefuchefu chenyewe. Mgonjwa asiyetapika huhesabiwa kuwa amefanikiwa, huku siku tatu nzima hakuweza kuvumilia harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani.

Wapo watoa huduma wenye hoja ya kupinga haya, nayo si hoja ya kubeza. Wanasema: mgonjwa akitajiwa kichefuchefu atakisikia. Ni kweli kwamba katika majaribio ya dawa, waliopewa vidonge visivyo na kitu nao huripoti kichefuchefu. Matarajio yana nguvu mwilini. Tatizo ni kwamba kunyamaza hakuyaondoi matarajio hayo. Foleni ya kliniki ina wasemaji wengi, na mgonjwa ataelezwa na jirani yake wa benchi, kwa maneno ya kutisha zaidi na bila mwisho wa hadithi. Tofauti iko katika namna ya kusema. "Dawa hii hutapisha" ni tishio. "Watu wengi huimeza bila shida, wachache huchafukwa na moyo siku za mwanzo, na chakula husaidia, ukiona mkojo mweusi njoo siku hiyohiyo" ni maelekezo, na humpa mtu kazi ya kufanya badala ya kitu cha kuogopa.

Hoja ya pili ni ya muda. Muuguzi mwenye wagonjwa 60 asubuhi hana nafasi ya mihadhara, na hakuna anayemwomba atoe. Maswali yanayohitajika ni machache: Moyo unachafuka? Ulianza lini, kabla ya dawa hii au baada yake? Ni muda gani baada ya kumeza? Umekuja na nini kingine, kichwa, macho, mkojo, homa? Kichwa kinachouma vibaya pamoja na kichefuchefu, kwa mtu mwenye VVU, humpeleka mtoa huduma kwenye uti wa mgongo na ubongo badala ya tumbo. Jicho jekundu linalouma, lenye kuona duara za rangi kuzunguka taa, humpeleka kwa daktari wa macho. Figo zinazoshindwa hujitangaza kwa kichefuchefu cha asubuhi kwa majuma mengi, kikiitwa vidonda vya tumbo. Majibu ya maswali hayo hayachukui dakika 2, na humwepusha muuguzi yuleyule na mgonjwa huyohuyo akirudishwa kwa machela.

Mgonjwa naye ana wajibu wake, ila ni rahisi mno kuutaja huku mazingira yakimkataza kuutimiza. Anayerudi kliniki na vidonge 20 vilivyobaki, akakiri kwamba vilimshinda, hukaripiwa mbele ya wenzake. Mwezi unaofuata huviacha nyumbani na kusema vimekwisha. Vidonge vile 20 vilikuwa kipimo ambacho hakuna maabara ingekitoa. Angeulizwa tu vilimshindaje, huenda dozi ingegawanywa, saa ya kumeza ingebadilishwa, au damu ingechukuliwa kupima ini. Na jambo hilo lingeandikwa: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, ambayo vituoni huchukuliwa kuwa ni ya vipele vinavyobabua ngozi na ya vifo. Kichefuchefu kilichomfanya mtu aache tiba ya kifua kikuu kinaingia katika fomu hiyo, kwa tarehe, jina la dawa, namba ya toleo na dozi, na fomu yenyewe haimalizi kurasa mbili.